Kabla ya kumlisha kinyonga, mlishe nyenje

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ninayoyasema yanawahusu wenye bustani za wanyama zenye vinyonga na mijusi, walimu wanaotunza reptilia kwa kibali kwa ajili ya mafunzo, vijana walioingia kwenye ufugaji wa wadudu, na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ambao watoto wao wanafuga mijusi ndani ya matangi ya kioo. Wote hao hukutana na tatizo moja: mnyama anakula, anashiba, na bado mifupa yake inapinda.

Mara nyingi dalili huanzia kwenye ulimi. Kinyonga mwenye afya hurusha ulimi mrefu kuliko mwili wake, akamnasa nyenje kwa ncha na kumrudisha kinywani kabla hujapepesa jicho. Aliyepungukiwa na kalsiamu hulenga vizuri tu, hufungua kinywa, lakini ulimi hutoka nusu na kuanguka kabla haujafika. Anajaribu tena, unaanguka tena. Wakati mwingine unabaki unaning'inia. Wiki chache baadaye taya la chini linabonyea ukiligusa, mikono inapinda kama upinde, na mnyama aliyeumbwa aishi juu ya tawi anaonekana akijivuta sakafuni. Watu husema amezeeka. Hajazeeka, amelishwa wadudu watupu.

Ninaposema watupu nina maana ya wadudu wenye matumbo yasiyo na kitu. Mdudu hana mifupa. Mwili wake una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana: kwa nyenje, sehemu moja ya kalsiamu kwa sehemu saba hadi tisa za fosforasi. Funza wa unga ni wabaya zaidi. Reptilia anahitaji kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na bora ifike mara moja na nusu au mara mbili yake. Fosforasi ikizidi, mwili huenda kukopa kalsiamu kwenye mifupa, na deni hilo halilipwi kwa kuongeza idadi ya nyenje. Porini kinyonga hula nzi, nyuki, viwavi, panzi na buibui, kila mmoja na tumbo lake lililojaa majani au chavua tofauti, na hula akiwa juani. Ndani ya kizimba anapewa aina moja ya mdudu, naye mdudu huyo amekula pumba peke yake tangu azaliwe.

Dawa yake ni kumlisha mdudu kwanza, na inapimika kwa mizani ya jikoni. Chukua gramu 800 za starter ya vifaranga, yaani chakula cha vifaranga wachanga, isage iwe laini, kisha changanya na gramu 200 za chokaa ya chakula cha kuku, ile inayosagwa kutokana na mawe na kuuzwa maduka ya mifugo. Chokaa hiyo ni kalsiamu kaboneti, ambayo asilimia 40 ya uzito wake ni kalsiamu. Kwa hiyo mchanganyiko unapata kalsiamu ya asilimia 8, bila kuhesabu kidogo kilichomo kwenye starter yenyewe. Chini ya hapo tumbo la nyenje halibebi kiasi cha maana. Waweke nyenje unaotaka kuwalisha katika chombo chao peke yao, wape mchanganyiko huo na maji tu kwa saa 48, kisha walishe mnyama. Usiwawekee karoti wala majani katika siku hizo mbili, kwa sababu wataifuata karoti na kuiacha chokaa. Wala usiwaache na chakula hicho zaidi ya siku tatu: kalsiamu nyingi namna hiyo huwadhuru nyenje wenyewe, hudumaa na kufa. Ndiyo maana lazima kuwe na sanduku la kukuzia na sanduku la kulishia, na visichanganywe.

Chokaa ya dukani mara nyingi ina chembe kubwa, na nyenje ni hodari wa kuchagua. Ipitishe kwenye chujio la chai, kisha kwenye kitambaa chepesi, mpaka iwe laini kama poda ya mtoto. Asiyepata chokaa atumie maganda ya mayai, ambayo karibu yote ni kalsiamu kaboneti hiyohiyo: yachemshe dakika 10, yaanike yakauke kabisa, yasage na kuyachekecha, upime uzito uleule. DCP (kalsiamu fosfeti ya chakula cha mifugo) na unga wa mifupa haviwezi kushika nafasi hiyo, maana vinaleta fosforasi pamoja na kalsiamu, na fosforasi ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia. Na tafadhali sana, chokaa ya kupakia ukuta si chakula. Imechomwa tanuruni, na ikikutana na mate inaunguza kinywa cha mdudu na cha mnyama. Jina moja, vitu viwili.

Chokaa ya chakula hupakwa pia juu ya mdudu. Nyenje watano au sita wawekwe ndani ya kopo kavu, utie chokaa laini ya kujaa ncha ya kijiko cha chai, utikise taratibu mara mbili tatu mpaka waonekane wameingia unga. Walishwe palepale. Nyenje hujisafisha kwa miguu na kinywa, na baada ya muda mfupi unga wote umeanguka chini. Poda yenye vitamini D3 na vitamini nyingine haitakiwi kila siku. Kwa kinyonga anayeota jua, mara mbili kwa mwezi inatosha, na kuzidisha ni sumu. Jua ndilo linalomwezesha kuitumia kalsiamu, kwa kuwa mwanga wake wa UVB, ule usioonekana kwa macho yetu, ndio unaotengeneza D3 kwenye ngozi. Kioo cha dirisha huuzuia mwanga huo, kwa hiyo kumweka kinyonga dirishani ni kumpasha joto tu. Huku kwetu jua ni la bure: kizimba cha waya, asubuhi, nusu juani na nusu kivulini. Tangi la kioo lisitolewe nje hata kidogo, mnyama atakufa kwa joto ndani ya dakika chache. Walioko nchi za baridi wakumbuke kwamba balbu za UVB hupoteza nguvu muda mrefu kabla hazijaungua. Inawaka, lakini haifanyi kazi.

Sasa ufugaji wenyewe. Sanduku la plastiki la lita 50 au 60, lenye kuta laini, linatosha kuanza. Kata dirisha la sentimita 15 kwa 20 kwenye mfuniko, ubandike waya mwembamba wa madirishani. Uwe waya wa chuma, maana nyavu za plastiki wanazitafuna. Usitumie kipande cha chandarua cha hospitali: vyandarua hivyo vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na nyenje ni wadudu. Ndani simamisha trei za mayai za karatasi wima, nne au sita, ili kinyesi kianguke chini na nyenje wapate mahali pa kujificha wanapojivua. Usiweke udongo wala mchanga sakafuni. Chakula kikae kwenye mfuniko wa kopo, starter ya vifaranga pamoja na vipande vya karoti, boga, matembele au majani ya mlonge. Mchicha uwe kidogo, kwa kuwa una tindikali inayoifunga kalsiamu. Kisamvu kibichi kisiingie kabisa. Mboga za sokoni zioshwe kwa maji mengi, na ikiwezekana zitoke kwenye bustani unayoijua, kwani mboga iliyopuliziwa dawa juzi inamaliza sanduku zima usiku mmoja.

Jike utamjua kwa mrija mwembamba kama sindano nyuma ya tumbo. Majike 20 na madume 10 ni mbegu ya kutosha. Wawekee kopo lenye kina cha sentimita 5, lililojaa vumbi la makumbi ya nazi au mchanga laini wenye unyevu: ukiuminya ushikane bila kudondosha tone. Juu yake laza waya wenye matundu ya milimita 2 au 3, ili mrija upite lakini wasiweze kuyafukua mayai na kuyala. Baada ya siku tatu toa kopo hilo, weka jingine. Siku tatu, si wiki mbili. Ukiliacha muda mrefu utapata watoto wa umri mbalimbali ndani ya sanduku moja, na wakubwa watawala wadogo.

Kwa joto la sentigredi 30 mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 13, na nyenje hukomaa baada ya wiki sita hadi nane. Tanga, Mombasa na Dar es Salaam joto hilo linapatikana bila gharama kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lushoto, Iringa, Nairobi na Arusha usiku ni wa baridi, na mzunguko uleule unaweza kufika miezi mitatu. Balbu ya zamani ya waya, iliyofungwa nje ya sanduku au juu ya dirisha lake, inasaidia. Taa za LED hazitoi joto la maana. Watoto wakitoka wana urefu wa milimita mbili hivi, ukiwatazama bila umakini utadhani ni sisimizi wameingia. Tone moja la maji linawazamisha. Wape pamba iliyoloweshwa na kuminywa, uibadilishe kila siku. Katika umri huo wengi hufa kwa kiu, na mfugaji haoni chochote isipokuwa kwamba mwanzoni walikuwa mia tatu na sasa wapo arobaini.

Kuhusu idadi, tuchukue mfano wa bustani yenye vinyonga wakubwa 10. Kila mmoja akila nyenje watano, mara tatu kwa wiki, ni nyenje 150 kila wiki. Hesabu kwamba nusu watapotea njiani: panga kuangua angalau 300 kila wiki, kila wiki sanduku lake, masanduku manane kwa mzunguko mmoja. Wengi huanza na sanduku moja, wanalivuna mpaka linaisha, kisha wanyama wanakaa mwezi mzima wakipewa chochote kilichopatikana.

Kinachoua nyenje kuliko vyote ni unyevu ukichanganyika na kinyesi. Mayai yanataka unyevu. Nyenje wakubwa wanataka ukavu na hewa. Ukifungua mfuniko na kukutana na harufu inayochoma pua kama mkojo wa zamani, hiyo ni amonia, na vifo viko karibu. Ongeza matundu, toa mboga zilizooza, fagia kinyesi kila wiki (kitie bustanini, ni mbolea nzuri). Cha pili ni msongamano na upungufu wa protini. Nyenje anapojivua hutoka mweupe kama maziwa, laini, na kwa saa kadhaa hawezi kujitetea. Wenzake wenye njaa ya protini humla akiwa hai, kuanzia miguuni. Ukikuta miguu na mabawa mengi bila miili, usitafute ugonjwa: ongeza chakula na trei. Cha tatu ni sisimizi na siafu. Meza ya masanduku isimame na miguu yake ndani ya makopo ya maji yenye sabuni kidogo, na isiguse ukuta. Cha nne ni dawa ya mbu ya kupuliza, hata ikipulizwa chumba cha jirani.

Nyenje wa kufuga wasiagizwe kutoka nje. Nyenje wa nyumbani wa Ulaya wana kirusi kilichofyeka mashamba mengi huko, kisha kikaingia Amerika Kaskazini kuanzia mwaka 2009. Hapa tuna nyenje mweusi mwenye madoa mawili ya manjano kwenye mashina ya mabawa, anayestahimili kirusi hicho, na huko Kenya mwaka 2018 wanasayansi walimpa jina la kisayansi nyenje mwingine wa kienyeji, Scapsipedus icipe, anayefugika vizuri. Nyenje mweusi ana ubaya mmoja, anauma. Asiachwe ndani ya kizimba usiku na mnyama aliyelala, atamtafuna ngozi na kope. Kilichobaki jioni kitolewe.

Wadudu wengine nitawapitia upesi. Funza wa unga hufugwa kwenye pumba za ngano za kina cha sentimita 5 hadi 7 na vipande vya karoti. Ni rahisi, hawapigi kelele, lakini wana mafuta na ngozi ngumu, na uwiano wao wa kalsiamu ni mbaya. Mara moja kwa wiki, si zaidi. Funza wa nzi askari weusi, ambao vijana wengi wanawafuga kwa ajili ya kuku na samaki, wana kalsiamu ya kutosha mwilini bila kupakwa chochote, na wafugaji wa reptilia wamewasahau bure. Wawe waliokuzwa kwa mabaki safi ya mboga na matunda, siyo kwa kinyesi cha machinjioni. Viwavi wa nondo wa nta ni peremende: vinanenepesha, mnyama anavipenda mpaka anakataa kingine, na anayefuga nyuki jirani hatakusamehe wakitoroka. Mijusi wadogo, na vinyonga walioanguliwa jana, hutaka nzi wadogo wa ndizi. Ndizi iliyoiva sana ndani ya chupa, chachu ya mkate kidogo, mdomo ukifunikwa kitambaa, na kwa joto la sentigredi 25 kizazi kipya hutoka baada ya siku 10 hivi. Weka chupa kwenye friji dakika chache kabla ya kuifungua, walegee.

Wadudu wa kukamata porini ni wazuri kwa sababu wamekula mambo mengi, lakini wanataka busara. Kumbikumbi wa mvua, senene na panzi wa kijani wa kwenye nyasi ambako hakuna dawa, wapewe. Panzi wa rangi kali, mwekundu na manjano na mweusi, anayetembea polepole bila woga, hana woga kwa sababu ana sumu, aachwe. Vimulimuli viachwe pia. Mende wa nyumbani huenda amepita kwenye dawa. Nzige wa makundi vilevile: wale wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 walipuliziwa sumu kwa ndege, na mdudu anayekufa kwa sumu ndiye mwepesi kukamatwa. Kwa kipimo, mdudu yeyote asizidi upana wa nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mnyama.

Anayenunua badala ya kufuga anunue nyenje wa nusu umri, wenye vichipukizi vya mabawa. Nyenje anayeimba amebakiza wiki mbili au tatu za kuishi. Tikisa chombo, wasioruka ni wagonjwa au wana kiu. Maiti mbili tatu ni kawaida, robo ya chombo siyo. Nusa. Kisha, hata wakionekana wazuri namna gani, usilishe siku hiyohiyo. Nyenje wa kununua wametoka safarini na matumbo matupu, pengine wametafuna karatasi ya trei tu. Saa 24 za starter na mboga, halafu saa 48 za chokaa, ndipo wawe chakula.

Hapa ndipo nina ombi kwa vijana wanaouza. Kwenye kila chombo bandikeni karatasi yenye mambo matatu: aina ya mdudu, tarehe ya kuanguliwa, na alichokula kwa siku tatu za mwisho. Muuzaji wa chakula cha kuku hubandika viambato kwenye mfuko, na muuzaji wa nyenje anauza chakula vilevile. Na wanunuzi wawe tayari kulipa zaidi kwa nyenje aliyelishwa, kwa sababu chokaa na starter vina gharama.

Ombi jingine ni kwa mamlaka za wanyamapori. Kinyonga wa milimani na mjusi wa msituni si mali ya kuokotwa; Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg ulimweka mjusi wa bluu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye mikadi ya msitu huo tu na maeneo machache ya karibu, katika orodha ya kwanza ya ulinzi. Miti ilikatwa ili akamatwe na kuuzwa ng'ambo. Kwa hao wachache walioko kwenye vizimba kwa kibali halali, ukaguzi usiishie kwenye cheti, kufuli na ukubwa wa kizimba. Mkaguzi aombe kuonyeshwa sanduku la nyenje na sanduku la kulishia, aulize chokaa iko wapi na ilinunuliwa lini, kisha aombe kinyonga mmoja alishwe mbele yake, asimame atazame ulimi unafika wapi.

Mfugaji wa nyenje,
Muheza, Tanga